Unga wa Magoti ya Feza

"Mama Odile, piga sindano," alisema Papa Adalbert kabla hata ya kusalimia.

Odile Kalenga hakuinuka. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha biro ya mifugo na kikombe cha chai mkononi, na tangu mbali alikuwa amekwisha kumwona punda akipanda njia kutoka Kataki: hatua tatu, kusimama, hatua tatu, kusimama. Goti la mbele la kulia lilikuwa limevimba kama kiazi. Alimjua punda huyo. Aliitwa Feza, jike mzee aliyevushwa ziwa kutoka Kigoma kwa boti ya chumvi, na wakati ule, mwaka wa themanini na tisa, hapakuwa na punda mwingine Kalemie yote. Mwenye punda alimjua pia. Hii ilikuwa mara ya nne tangu Pasaka.

"Nikipiga leo, kesho utamubebesha magunia mawili," Odile alisema.

"Sasa nimubebeshe nini? Punda kazi yake njo kubeba."

"Na kisha siku tano utarudi hapa."

"Nikirudi utapiga ingine."

Odile aliweka kikombe chini. Alikuwa muuguzi wa mifugo kwa miaka kumi na minne, na baba yake alichunga ng'ombe wa misioni huko juu milimani, nyuma ya Moba. Magoti ya wanyama aliyaona kabla hajajua kusoma. Sindano ile iliondoa maumivu tu. Feza asiposikia maumivu alilikanyagia goti lake kama ndama, mfupa ukazidi kusuguana na mfupa. Papa Adalbert alikuwa amekwisha kuelezwa haya mara tatu. Mara ya tatu Odile alimchorea mchangani kwa kijiti: hapa mfupa, hapa mfupa, na katikati kitu laini kama mto wa kulalia, ambacho kwa Feza kilikuwa kimelika. Papa Adalbert aliutazama mchoro kwa adabu, halafu akauliza kama sindano itapigwa shingoni ama takoni.

"Leo hakuna sindano," Odile alisema. "Lakini nina kitu kingine."

Aliingia ndani akatoka na kopo la bati lenye picha ya farasi. Makopo kama hayo yalikuwa matatu. Yaliletwa na boti wiki iliyopita, pamoja na dawa za minyoo, na aliyeyatuma alikuwa Daktari Ruhinda, daktari wa mifugo wa Kigoma ambaye mara mojamoja aliikumbuka biro yao. Barua yake ilikuwa fupi. Unga huu, aliandika, umetengenezwa kwa kome wa baharini na gegedu za ng'ombe. Huko Ulaya huwapa farasi wazee. Hauponyeshi. Wanasema hupunguza tu kasi ya viungo kulika. Apewe mnyama kila siku, siku tisini, apunguziwe mzigo na kurekebishwa kwato. Mpime, andika, na uniambie ukweli.

"Siku tisini?" Papa Adalbert alihesabu kwa vidole kana kwamba miezi mitatu haitoshi kwenye mkono mmoja. "Na kisha hapo anapona?"

"Haponi. Ugonjwa wake hauponaki, Papa. Unga unafanya ugonjwa utembee polepole."

"Yeye mwenyewe anatembea polepole! Sasa na ugonjwa nao utembee polepole, hiyo ni dawa gani?"

Odile alivuta pumzi. Alimweleza tena, tangu mwanzo. Kijiko kimoja kila asubuhi ndani ya pumba za mahindi. Gunia moja la mihogo, si mawili, ligawanywe pande zote za mgongo. Siku ya Bwana apumzike. Papa Adalbert alisikiliza huku akilisugua paja lake kwa kiganja, kisha akachukua kopo, akalitikisa, akalinusa, akakunja uso.

"Inanuka kama samaki wa ndagala walionyeshewa mvua," alisema. Lakini alilichukua.

Kabla hawajaondoka Odile alizichonga kwato za Feza, zilizokuwa ndefu na kupinda kama viatu vya kuazima, akafunga uzi kuzunguka goti na kutia fundo pale uzi ulipokutana. Kisha alimtembeza kutoka geti la biro hadi birika la kuogeshea ng'ombe, na mkuu wake, Shefu Casimir, akaangalia saa. Sekunde tisini na tano. Odile aliandika kwenye daftari: siku ya kwanza.

Wiki haikuisha. Mama Émérence, mke wa Papa Adalbert, alikuja peke yake, mwanamke mnene wa sauti ya chini, na kulalamika kwamba punda amegoma. Akiwekewa pumba zenye unga ananusa, anapuliza pua, anageuka. Siku mbili amelala bila kula.

"Changanya na ndizi zilizoiva sana," Odile alimwambia. "Ama maji ya miwa. Kidogo kidogo mpaka azoee."

Wiki iliyofuata alikuja Papa Adalbert mwenyewe, uso umechangamka. Feza anakula sasa, alisema. Anakula vizuri, analamba hata beseni. Odile alifurahi kiasi cha kumpa chai.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Alhamisi. Alipokuwa akitoka kuchanja mbwa upande wa mto Lukuga, alikutana nao njiani: Papa Adalbert mbele, Feza nyuma, magunia mawili mgongoni, punda ameinamisha kichwa mpaka karibu na vumbi.

"Papa! Tulisema gunia moja!"

"Ni moja, Mama. Hii ingine ni makala ya kupikia. Makala ni mepesi."

Odile alisimama mbele ya punda. Alipokasirika alisema kwa haraka, maneno yakikanyagana, na hapo katikati ya barabara, baiskeli zikiwapita kushoto na kulia, alisema mengi. Mwisho wake alinyoosha mkono.

"Nirudishie kopo. Mzigo haupungui, basi na unga hakuna. Nitampa mbuzi wa jirani yangu."

Ndipo lilipotokea jambo ambalo Odile hakulitarajia. Papa Adalbert, mtu wa kubishana hata na mvua, aliinama kwa shida, akafungua kamba, akashusha gunia la makaa na kuliacha kando ya njia kwa mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo, akamwomba amlindie. "Usichukue kopo, Mama," alisema. "Kuanzia leo ni gunia moja. Ninaapa." Na kweli, tangu siku ile, kila Odile alipomwona, lilikuwa gunia moja.

Kiangazi kilipita. Ziwa lilikuwa shwari asubuhi na jeusi jioni, vumbi likaingia hadi ndani ya daftari la biro. Siku ya thelathini Feza alitembea hadi birikani kwa sekunde tisini. Siku ya sitini, sabini na moja. Siku ya sabini na tano, sitini na nne, na uzi ulipozungushwa gotini ulipita fundo kwa upana wa kidole. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Odile alipima mara mbili, kisha akamwita Shefu Casimir naye apime, na Shefu Casimir, mtu mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni, alipiga makofi.

"Citoyenne Kalenga, hii ni ushindi wa biro yetu! Naandika rapo leo."

"Ngoja siku tisini ziishe, Shefu."

"Boti inaondoka kesho. Daktari akisikia mazuri, atatutumia na dawa za minyoo ingine. Unajua stoki yetu imebaki nini? Hakuna kitu."

Kuhusu stoki alisema kweli. Odile hakubishana zaidi. Rapo, taarifa ya biro, iliondoka na boti, imepigwa muhuri, ikisema kwamba unga umemtibu punda kwa mafanikio makubwa. Neno "umemtibu" lilimkereketa Odile, lakini hata yeye, kwa siri, alikuwa ameanza kuamini.

Siku ya themanini na nne alikwenda nyumbani kwa Papa Adalbert kuzichonga tena kwato. Mwenyewe hakuwapo. Mama Émérence alimshika Feza kichwa wakati Odile akifanya kazi, na kwa muda walizungumza habari za mvua zinazochelewa. Kisha Mama Émérence aliuliza kwa ile sauti yake ya chini:

"Mama Odile, ule unga, muntu akiukula mingi, unafunga tumbo?"

Kisu cha kwato kilisimama.

"Muntu nani?"

Mama Émérence alitazama pembeni.

"Mama. Muntu nani?"

"Nilifikiri alikuambia," alisema Mama Émérence. "Alisema alikuambia na ulikubali. Anautia ndani ya uji asubuhi. Sasa wiki hii ameongeza vijiko viwili, na hajaenda msalani tangu Jumapili."

"Na Feza?"

"Feza alikataa tangu mwanzo. Hata na ndizi. Tuliacha kumupa wiki ile ya kwanza."

Odile aliketi chini, hapo hapo kwenye samadi kavu. Siku themanini na nne. Uzi, mafundo, sekunde, kurasa sita za daftari. Rapo imevuka ziwa na muhuri. Na punda huyu, aliyesimama mbele yake akitafuna majani kwa raha, goti limenywea, hakuonja hata vijiko kumi.

Hakuweza kucheka wala kulia. Alimaliza kwato ya mwisho kwa sababu ilikuwa nusu, akasubiri.

Papa Adalbert alirudi saa sita. Alipomwona Odile kwenye kiti cha mlangoni, na mkewe amesimama kama mtu aliyevunja chungu, alielewa.

"Ulinidanganya," Odile alisema. "Ulisema analamba beseni."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Papa Adalbert alijishusha kwenye kigogo, mguu mmoja umenyooka, kwa namna ambayo Odile alikuwa ameiona mara nyingi bila kuitazama. "Miaka makumi mbili na mbili nilikuwa Manono, kwenye machimbo ya bati," alisema. "Tulichimba tumepiga magoti ndani ya maji. Asubuhi sasa lazima Émérence anivute mukono njo nisimame. Nilikwenda dispanseri. Munganga alinitazama, akasema, papa, umezeeka. Basi. Njo dawa aliyonipa. Kisha wewe ukachora ule mufupa kwa muchanga, ukasema kwamba kuna unga. Feza aliukataa. Ningeutupa?"

Hasira ya Odile ilikuwa bado imejaa kifuani, lakini sasa haikujua itokee wapi. "Na magoti yanasemaje?" aliuliza.

"Yanauma vilevile. Labda kidogo chini. Labda ni jua. Sijui."

"Ni unga wa farasi, Papa. Hujui una nini ndani, hata mimi sijui. Acha kuula."

"Umekwisha. Jana nilikwangua kopo." Kisha uso wake ukachangamka, kwa namna iliyomtia Odile wasiwasi. "Lakini ona basi, Mama. Feza amepona bila dawa. Maana yake hakuwa na ugonjwa mukubwa."

"Hajapona."

"Anatembea."

"Anatembea sababu ulimupunguzia muzigo! Sababu kwato ziko sawa, sababu anapumzika!"

"Nilipunguza muzigo sababu ya dawa."

"Dawa ambayo hakuikula!"

"Basi dawa imekwisha," alisema Papa Adalbert, kwa sauti ya mtu anayefunga mahesabu yaliyo wazi kwa kila mwenye akili, "na Feza ni mzima. Kesho magunia mawili."

Odile alitamani kuchukua kile kisu cha kwato akirushe ziwani. Alieleza tena. Alisema kwamba kitu laini kilicholika hakirudi, kwamba goti limetulia tu, kama moto uliofunikwa majivu. Papa Adalbert alitikisa kichwa kwa heshima yote. Mama Émérence alikuwa akisikiliza.

Kesho yake Odile alimweleza Shefu Casimir yaliyotokea na kuomba rapo nyingine iandikwe. Shefu Casimir alifunga mlango wa biro kwanza.

"Unataka niseme kwamba wagonjwa wetu tulikuwa hatuwajui? Kwamba dawa ya punda ilikulwa na mwenye punda?"

"Daktari alisema tumwambie ukweli."

"Atacheka, kisha ataacha kutuma. Na ng'ombe wa watu watakufa na minyoo, Citoyenne, kwa sababu ya ukweli wako. Muhuri wangu hautagusa hiyo karatasi."

Kwa hiyo Odile aliandika bila muhuri, kurasa mbili, na kumkabidhi Dorothée, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akivuka kwenda Kigoma kila mwezi. Aliandika sekunde zote na mafundo yote. Aliandika kwamba kuhusu unga hana la kusema, kwa sababu mgonjwa wake hakuula, na yule aliyeula hakuwa mgonjwa wake.

Mvua zilianza. Siku kumi na mbili baada ya yale mabishano, mtu wa baiskeli alisimama mlangoni pa biro na kusema punda amelala barabarani, karibu na daraja la Lukuga, na watu wamejaa.

Odile alikuta ni kweli. Feza alikuwa amepiga magoti kwenye tope, magunia mawili ya mihogo mgongoni, kamba zimekaza, jasho linamtoka shingoni. Goti la kulia lilikuwa kubwa kuliko siku ile ya kwanza. Mtu mmoja alikuwa akimvuta mkia. Papa Adalbert alisimama pembeni, fimbo mkononi, mvua ikimshuka usoni.

"Piga sindano, Mama," alisema.

Sindano Odile alikuwa nayo safari hii, chupa moja ya mwisho, na angempiga Feza sindano hiyo kwa sababu alikuwa anaumia. Lakini hakuifungua. "Shusha magunia kwanza," alisema.

"Piga, atasimama. Nyumbani ni karibu."

"Shusha."

Papa Adalbert alilishika gunia la upande wake na kuvuta. Magoti yake yalikataa. Alivuta tena, akateleza, akajikuta amekaa kwenye tope, karibu kabisa na punda wake, vichwa vyao sawasawa. Watu wakacheka. Odile hakucheka. Alimfukuza yule wa mkia, akaanza kufungua kamba, lakini fundo lilikuwa limelowa na kukaza, na kucha zake zikakatika.

Mikono mingine ilikuja juu ya yake. Mama Émérence alikuwa amefika, kitenge kimefungwa kiunoni, hana viatu. Alikata kamba kwa kisu cha jikoni, gunia la kwanza likaanguka, la pili likafuata. Kisha alijitwisha gunia moja kichwani kwa msaada wa mwanamke mmoja aliyekuwa akipita, na akasema bila kumtazama mumewe:

"Kuanzia leo, mimi njo nitafunga kamba. Asiyetaka abebe mwenyewe."

Odile alipiga sindano. Baada ya nusu saa Feza alisimama, akatetemeka, akatembea nyumbani mgongo mtupu.

Mama Émérence alishika neno lake. Kila asubuhi alifunga kamba yeye, gunia moja, nusu huku na nusu huku, na mihogo iliyobaki walifuata safari ya pili au waliiacha kwa kesho. Mara mbili Odile alimsikia Papa Adalbert akimbembeleza mkewe aongeze kidogo tu, beseni moja; mara zote mbili mkewe alizidi kukaza fundo. Uvimbe ulichukua miezi miwili kushuka, na haukushuka wote. Feza alibeba gunia lake moja kwa misimu miwili ya mvua zaidi. Msimu wa tatu, asubuhi moja, hakuinuka, na alikufa siku hiyo hiyo.

Jibu la Daktari Ruhinda lilikuwa limefika mapema, Januari ile ya kwanza, Feza akiwa bado hai, pamoja na dawa za minyoo, nyingi kuliko zamani, na kopo moja la unga. Alimshukuru Odile kwa barua ya pili. Alisema kwamba hata yeye, kwa mbwa wawili na farasi mmoja wa Kigoma, hajui bado kama unga ule unafanya kitu, na kwamba angependa sana kupata habari za punda wengine wa Kalemie, kumi ikiwezekana.

"Kumi!" Odile alisema, peke yake ndani ya biro. Aliisoma barua tena kuona kama amekosea kusoma.

Lakini kilichomchosha zaidi hakikuwa barua. Papa Adalbert aliendelea kusimulia sokoni jinsi punda wake alivyosimamishwa na unga wa Mama Odile. Sehemu ya uji aliiruka. Watu wakaanza kupanda njia ya biro. Walileta mbuzi wanaochechemea, mbwa, dume moja la ng'ombe la misioni, na wengine hawakuleta mnyama yeyote, walikuja na magoti yao tu na kijiko mfukoni. Mwanzoni Odile aliwaeleza wote: hatujui, haikuthibitika, punda hakuula. Waliitikia kwa kichwa na kuuliza kopo moja linatosha siku ngapi.

Mwezi wa tatu alikuja mtu mmoja kutoka upande wa Nyunzu na mbwa wa kuwinda, mzee, nyonga zimekakamaa, na mnene kiasi cha kutoonekana mbavu. Mtu huyo alitaka unga. Odile alimwinua mbwa kwa mikono miwili, akashusha, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Huyu anakula nini kwa siku?" aliuliza.

"Vyote tunavyokula sisi, Mama. Ananipenda sana. Lakini unga—"

"Unga tutauzungumza kisha," alisema Odile, na kuvuta daftari. "Nimekuuliza anakula nini."